Mchanga Uliokaangwa

Simu ya kunieleza kwamba Yohana amefariki ilinikuta kwenye kochi, mahali ambapo simu nyingi hunikuta. Aliyepiga ni Rehema, binti wa shangazi yangu, anayeishi Misima na ambaye hata panya akifia Mombo yeye huwa na habari. "Unamkumbuka yule Msambaa aliyepanga chumba cha uani kwa mama, yule wa mchanga? Wamemzika jana, kwao Kerenge," alisema, kisha akahamia kwenye habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Nikamjibu kwamba namkumbuka, nikampongeza kwa mapacha, nikakata simu, nikaenda kufungua kabati la jikoni. Nyuma ya makopo ya viungo kuna chupa nne ndogo zilizokuwa za dawa ya kikohozi. Kila moja ina mchanga ndani na karatasi iliyobandikwa kwa ugali, maana gundi wakati ule sikuwa nayo. MISIMA. MAZINDE. KERENGE. Ya nne imeandikwa KERENGE – YOHANA. Wajukuu wangu huziita dawa za bibi, na mmoja aliwahi kuuliza zinatibu nini. Nilimwambia zinatibu kiburi, ila mimi sijamaliza dozi.

Nisieleweke vibaya, mimi si mtu wa mawe wala wa migodi. Mimi ni mtu wa ndani. Nimeishi Korogwe mjini zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mlima ninaouona kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni sijawahi kuupanda. Nikiulizwa husingizia miguu, ingawa miguu yangu haijawahi kunilalamikia. Hata mwaka ule ninaotaka kuueleza, mwaka niliomaliza kidato cha nne na kurudi kwa shangazi Mwanaidi kule Misima, wakati nusu ya vijana wa Handeni walikuwa vichakani wakifukua dhahabu, mimi nilikuwa jikoni nikichagua mchele. Matokeo yalikuwa yametoka. Nilipata daraja la nne, lakini ndani yake mlikuwa na C ya Fizikia, na ile C niliitembeza uani kwa shangazi kama mtu anayetembeza saa mpya. Kikombe kikianguka, nilieleza kwa nini kimeanguka. Chungu kikichemka, nilieleza. Shangazi alinivumilia. "Mwanangu, najua kwamba kinachemka," aliniambia siku moja, "ninachokuomba ni ukiepue."

Jiko la shangazi lilikuwa banda la udongo lenye mafiga matatu, dirisha moja dogo lisilo na kioo na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo tulianikia vitambaa na wakati mwingine samaki. Pale ndipo nilipokutana na Yohana. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, mwembamba, mpole, Mkristo katika nyumba ya Waislamu, na aliazima jiko letu kwa adabu kiasi kwamba shangazi alikuwa akimkaribisha kabla hajaomba. Kila siku alikwenda mtoni kuosha mchanga kwenye beseni, na kila alasiri alirudi na kile kilichobaki chini ya beseni, kiasi cha kiganja, kizito na chenye maji. Alikimimina kwenye karai lake dogo, akatia pumba za mahindi kidogo juu yake, akaweka motoni. Pumba zikigeuka mkaa, aliepua. Nilimuuliza pumba ni za nini. "Kipimo," alisema. "Zikiungua, najua mchanga umekauka. Marehemu babu alikuwa mhunzi, alifanya hivi, na mimi nafanya hivi." Mchanga ukipoa aliumwaga juu ya gazeti, akatoa sumaku ya spika ya redio iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaipitisha juu. Mchanga mweusi uliruka ukaning'inia kwenye nailoni kama ndevu. Akivuta sumaku kutoka ndani ya mfuko, ndevu zote zilianguka pembeni. Alirudia hivyo mpaka kwenye gazeti hakukubaki kitu isipokuwa vumbi, ambalo alilipuliza taratibu, na siku za bahati vichembe viwili vya njano.

Siku ya kwanza nilimsogezea mkono nikitaka kuishika sumaku yenyewe bila mfuko. "Usiivue nguo," alisema. "Ukiivua, utakaa wiki nzima ukiinyoa." Niliivua. Nilikaa siku tatu nikiinyoa. Ndipo aliponiita Profesa kwa mara ya kwanza, na jina likakaa. Sisi Wazigua na wao Wasambaa ni watani, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Nami nilimwambia Msambaa akishuka mlimani huona kila kitu ni tambarare, hata akili za watu.

Alinipa sumaku ndogo, kipande kilichovunjika, nami nikaanza ukusanyaji ambao unanifaa, yaani ule wa kukaa nyumbani na kuagiza. Yohana alipokwenda kwao kusalimia, alinirudishia mchanga wa Kerenge ulioteremshwa na mito kutoka milimani. Jirani aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge alinichotea wa Mazinde. Wa Misima niliuchota mwenyewe shambani kwa shangazi, upande wa bondeni, hatua mia moja na kitu kutoka mlangoni, safari ambayo niliisimulia kwa siku mbili. Nikaianika yote juani, nikaipitishia sumaku. Ule wa Kerenge ulikuwa mweusi tii na ulirukia sumaku wote, bila kubaki hata punje. Wa Mazinde ulijigawa, nusu ukaruka na nusu ukalala. Wa shamba letu, ambao ulikuwa vipunje vyekundu vya rangi ya kutu, haukujali. Niliisogeza sumaku mpaka ikaugusa na haukuja kitu. Nikaandika daftarini kwamba kila mchanga una tabia ya kwao, kama watu. Nilijiona nimegundua jambo kubwa. Hata leo naona halikuwa jambo baya kwa mtu aliyekuwa hajavuka kizingiti.

Basi siku moja Yohana alirudi mapema. Hakwenda jikoni, maana siku hiyo karai alikuwa amekwenda nalo mtoni. Alimwendea shangazi moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake, akafungua karatasi ya daftari. Ndani mlikuwa na vichembe vitatu vya dhahabu, vidogo kuliko mbegu za mchicha. "Shikamoo mama. Hivi vimetoka bondeni kwako," alisema. Alikuwa ameosha mchanga wa kona ya chini ya shamba bila kuomba ruhusa, akaomba radhi kwa hilo kwanza, ndipo akaomba ruhusa ya kuchimba shimo moja. Huko vichakani alikuwa amefukuzwa kwenye mashimo mawili na watu wenye mabavu kuliko yeye. Alichotaka ni mahali pamoja ambapo hakuna atakayemsukuma, na wagawane sawa kwa sawa na mwenye shamba. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Shamba lile ndilo lililotulisha. Mihogo ya bondeni ndiyo iliyokuwa bada yetu, ugali wetu wa kila siku, na mtu akishachimba shimo moja wenzake huja na masururu bila kuulizwa. Aliomba muda amwite shemeji yake, Mzee Mhina, kaka wa marehemu mume wake, ambaye alikuwa mwangalizi wa shamba kwa cheo na mla mihogo kwa vitendo.

Walikutana Ijumaa baada ya swala na baada ya chakula. Nakumbuka chakula vizuri kuliko maneno ya mwanzo: bada, mboga ya mchunga iliyochemshwa ikabaki na uchungu wake, na dagaa wa kukaanga ambao Mzee Mhina alikula kwa kuchagua wenye vichwa. Majirani wanne watano walikuwa wamejisogeza, kila mmoja akiwa na sababu ya uongo. Yohana alikaa pembeni ya mkeka. Mbele yake aliweka ile karatasi ya dhahabu na kifuniko cha kopo chenye mchanga mweusi ambao dhahabu ilitokea ndani yake.

"Bwana mdogo," Mzee Mhina alianza, "dhahabu haina jina. Nitajuaje kwamba haikutoka mfukoni mwako?"

"Twende wote mzee, nioshe mbele yenu."

"Utaosha, na dhahabu utakuwa umeificha kwenye kucha. Tumeshayaona. Mtu anapanda dhahabu kwenye shimo bovu, mwenye shamba anachimbisha mpaka mihogo inakwisha, mwenzake kashaondoka."

Yohana aliviangalia vidole vyake, akavificha, jambo ambalo halikumsaidia. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Hakuna aliyeniuliza kitu. "Mimi nina njia ya kujua," nilisema.

Shangazi aliniangalia kama mtu anayemwona mbuzi akifungua kitasa. Lakini Mzee Mhina alisema msomi aachwe aseme, na msomi akaenda mbio kuleta chupa zake. Niliweka gazeti. Nikamimina mchanga wa shamba, ule niliouchota kwa mkono wangu, nikapitisha sumaku. Ukalala. Nikamimina ule wa Kerenge. Ukaruka wote. Kisha nikachukua kifuniko cha Yohana, na nilikuwa nimeshajifunza kuchelewesha kidogo ili watu wasogee. Mchanga wake ukaruka wote, mweusi tii, ukaning'inia kama ndevu za shehe.

"Mchanga huu si wa hapa," nilisema. "Mchanga wa hapa haushiki. Huu ni wa Kerenge, kwao."

"Mwajuma, una hakika?" shangazi aliuliza.

"Nina hakika."

Yohana hakupandisha sauti. "Nimeutoa kwenye shamba la mama," alisema. "Ila nimeukaanga. Ukishakaangwa ndivyo unavyokuwa."

"Unavyokuwa vipi?"

"Unakuwa mweusi. Unashika."

"Kwa nini?"

Alifikiri. "Sijui kwa nini, dada. Najua tu kwamba unakuwa."

Pale ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema jambo rahisi kuliko yote, kwamba tuuweke huu wetu kwenye karai tuone. Karai lilikuwa hatua tano kutoka pale, na moto ulikuwa haujazimika. Nilichofanya ni kusema hivi: "Karanga ukizikaanga zinabaki karanga, kaka Yohana. Hazigeuki kunde."

Uwanja mzima ulicheka. Mzee Mhina alicheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi. Nilijifunza baadaye kwamba watu wakishacheka pamoja hawataki tena kusikiliza ushahidi. Kicheko ndicho hukumu. Hata Yohana alitabasamu kidogo, kama mtani anavyopaswa. Alikunja karatasi yake, akamwambia shangazi samahani kwa usumbufu. Asubuhi yake alikuwa ameondoka. Chumba alikifagia, ufunguo aliuacha kwenye msumari. Nilimkuta mlangoni akifunga kamba ya begi. "Ule mchanga kwenye kifuniko baki nao, Profesa," alisema. Sikujua kama alikuwa ananitania. Niliutia chupani, nikabandika karatasi kwa ugali, nikaandika KERENGE – YOHANA. Habari zilimtangulia. Kule machimboni wakamwita Yohana Mpandaji, na mtu mwenye jina hilo hapati wa kushirikiana naye hata kwenye kuteka maji. Haukupita mwezi akarudi kwao kulima.

Karanga zilinirudia mwaka ule ule, kabla ya Idd. Shangazi alitaka kashata, na mimi nilikaanga karanga kama tunavyokaanga wote, ndani ya mchanga, ili zisiungue upande mmoja. Mchanga huo niliuchota bondeni mara moja na kuutumia msimu wote, karai baada ya karai, pamoja na maganda yote yaliyoungulia humo. Siku hiyo nilikuwa nashona huku nakaanga, uvivu wa kuunganisha kazi mbili, na sindano ikaniponyoka ikazama kwenye mchanga. Niliepua, nikasubiri upoe, nikaenda kuchukua kipande changu cha sumaku. Sindano ilikuja. Pamoja nayo zilikuja ndevu.

Shangazi aliingia akauliza kama karanga zimeungua. Nilimwambia hapana. Nikaenda bondeni kwa miguu yangu, nikachota mchanga mpya, nikaujaribu kwa sumaku, ukalala. Nikautia kwenye karai na kiganja cha pumba, nikachochea moto mpaka pumba zikawa mkaa na harufu yake ikajaa nyumba nzima. Ulipopoa ulikuwa umegeuka mweusi, na uliruka. Bado kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka kuwa sahihi, kwa hiyo nilileta chupa zote na kinu kidogo cha kutwangia iliki. Nilitwanga mchanga wa Kerenge. Ulikuwa mweusi nje na mweusi ndani, unga wake kama masizi. Nilitwanga ule niliotoka kuukaanga. Mweusi nje, lakini ndani mwekundu kama kutu. Kisha nikatwanga punje chache za Yohana, na kwenye kinu ukabaki unga mwekundu.

Sumaku haikuwa imesema uongo. Iliulizwa swali moja, kwamba mchanga huu unashika au haushiki, ikajibu. Mengine yote niliyasema mimi. Chuma kilikuwamo kwenye mchanga wa shangazi tangu mwanzo, kwa sura isiyoitika. Moto na pumba ndivyo vilivyokibadili sura. Leo mjukuu wangu aliye kidato cha tatu ananieleza hayo kwa maneno mazuri zaidi, na mimi hutikisa kichwa kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Nilimwambia shangazi siku hiyo hiyo. Alisikiliza huku akikata kashata, hakuacha kukata. "Basi nenda Kerenge," alisema. Nilimwambia nitakwenda baada ya Idd. Nilimwambia pia Mzee Mhina, ambaye alifikiri kidogo akasema, "Shamba si limebaki? Basi." Niliyapokea maneno yale kwa furaha ambayo hainipendezi kuikumbuka. Baada ya Idd zikaja mvua. Baada ya mvua nikaolewa, nikahamia Korogwe, ambako ni karibu zaidi na Kerenge. Kila shangazi aliponitembelea aliuliza, kati ya chai na habari za mazao, "Umeshakwenda?" Aliuliza hivyo miaka yote, mpaka alipoacha kuuliza kwa sababu tulikuwa tumemzika. Na chupa niliziweka, na karatasi ile sikuibadilisha. Kuibandua kungekuwa kukiri, na jikoni kwangu hapakuwa na wa kumkiria isipokuwa sufuria.

Kesho yake baada ya simu ya Rehema nilivaa viatu. Wajukuu waliuliza naumwa nini. Kerenge haikunichukua hata nusu siku. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mfereji wa kando ya barabara maji yalikuwa yameacha michirizi myeusi juu ya mchanga mweupe. Niliinama nikaugusa. Mchanga ule nilikuwa naujua kwa miaka mingi, ila mahali penyewe nilikuwa sijapaona.

Msibani wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanawake uani karibu na mafiga. Nilipokewa na binti wa Yohana, Neema, mwanamke wa makamo mwenye upole wa baba yake. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema tu nilimfahamu marehemu zamani, Handeni. Alinipa chai na kisahani cha karanga.

"Karibu bibi. Baba alikuwa akizipenda sana," alisema. "Kila tukikaanga, lazima aseme: karanga ukizikaanga zinabaki karanga. Sisi tunacheka. Mama anamwambia, na zigeuke nini?"

Kikombe nilikiweka chini. "Alisema maneno hayo ameyatoa wapi?"

"Alisema alifundishwa na profesa mmoja huko Handeni." Alicheka, akafuta macho. "Sisi hatukujua kama baba aliwahi kufundishwa na profesa."

Nilimwambia profesa ni mimi. Kisha nikamwomba karai, kiganja cha pumba, na ruhusa ya kutumia moto wao. Nadhani alinihurumia, alidhani ni uzee. Lakini neno liliruka mpaka kwenye turubai kwamba kuna bibi wa Kizigua amekuja kufanya utani wa msibani, na watu wakasogea wakitarajia kucheka. Nilitoa chupa kwenye mkoba. Nilianza na ule wa Misima, nikawaonyesha haushiki. Nikaukaanga na pumba, nikausubiri upoe, na wakati huo wote nikasimulia, bila kuruka karanga wala kunde, bila kuruka kicheko. Kisha nikapitisha sumaku. Nilikuwa nimeifunga nailoni.

Kaka mkubwa wa Yohana, mzee mwenye fimbo, alikuwa amesimama mbele. Aliziinamia zile ndevu nyeusi.

"Kwa hiyo hakupanda," alisema.

"Hakupanda. Dhahabu ilitoka shambani kwetu."

"Na wewe ulijua lini?"

"Mwaka ule ule."

Hakuna aliyecheka. Alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule. "Umekuja kutoka wapi leo?"

"Korogwe mjini."

"Ni mbali?"

"Si mbali," nilisema.

Alitikisa kichwa, akarudi kukaa. Neema alichukua kisahani cha karanga kilichokuwa mbele yangu, nikadhani ananinyang'anya, akaongeza nyingine akakirudisha. Aliniuliza kama chupa ya baba yake anaweza kubaki nayo. Nikamwomba kalamu. Karatasi ya zamani ilikataa kubanduka, ugali ule ulikuwa umeshika kuliko gundi, kwa hiyo nilikata KERENGE kwa mstari mmoja, jina nikaliacha, na juu yake nikaandika kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki ndogo: Misima, shamba la shangazi, kona ya chini.